Mali Si Mtoto wa Lima: Uhakiki wa Neno Fupi na Majirani Zake

Makala haya yanahusu neno moja la herufi nne ambalo kila mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza analijua: mali. Tumelichagua kwa sababu ya maelezo ambayo tumekutana nayo zaidi ya mara moja, madarasani, katika hotuba za wageni na katika karatasi za mitihani. Maelezo yenyewe ni haya: kwamba neno mali limetokana na kitenzi lima, kwamba wazee wetu waliligeuza lima likawa mali ili kutufundisha kuwa utajiri hutoka shambani, na kwamba ukitaka ushahidi, tazama herufi, ni zilezile.

Ni maelezo matamu, na utamu wake ndio unaotufanya tuyahakiki. Mwanafunzi akiyasikia mara moja hayasahau. Akienda kufundisha anayapeleka kwa wanafunzi wake, na miaka mitatu baadaye yanarudi kwetu katika karatasi ya mtihani yakiwa yamevaa joho la isimu: "Mali ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi lima." Hapo mwalimu anayesahihisha yuko njia panda. Mwanafunzi amefikiri, ameona jambo ambalo kweli lipo, kisha amelipa sababu isiyo yake. Tunadhani anastahili maelezo marefu kuliko alama ya mkasi.

Tuanze na maana. Mali kwa matumizi ya kila siku ni kile mtu anachokimiliki na chenye thamani: nyumba, ng'ombe, bidhaa dukani, fedha. Tunasema mali ya umma, mali isiyohamishika, mali ya urithi. Muuza duka akisema "mali imeingia" hasemi kuwa ametajirika, anasema bidhaa zimefika. Mtu akiokota kalamu darasani na kuuliza "hii mali ya nani?" neno limeshuka hadi kuwa alama tu ya umilikaji, bila utajiri wowote ndani yake. Kutokana nalo tumepata maneno ambatani ambayo lugha haiwezi kuyakosa leo: maliasili, malighafi, mali kauli (ile biashara ya kuchukua bidhaa kwa ahadi ya mdomo na kulipa baadaye), baitulmali, rasilimali. Hili la mwisho lina kisa chake. Kwa Kiarabu ni "kichwa cha mali", yaani mtaji, na ndiyo maana liliyokuwa nayo katika Kiswahili kwa muda mrefu. Siku hizi limepanuka hadi kubeba madini, misitu na hata binadamu, tunaposema rasilimali watu. Hatuna ugomvi na upanuzi huo, ingawa mtu anayejua kuwa ndani ya neno hilo kuna mali huenda akasita kidogo kabla ya kumwita mwenzake hivyo.

Asili ya mali ni neno la Kiarabu mal, lenye irabu ndefu, maana yake milki. Waarabu wa jangwani walilitumia hasa kwa mifugo, na zaidi kwa ngamia, jambo ambalo msomaji wa Rwanda au wa Ankole hatalishangaa. Neno hilo kwa Kiarabu huishia kwa konsonanti. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo kiliongeza irabu mwishoni, na irabu iliyoongezwa ni i. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa hali na kwa swali. Yaani i iliyo mwishoni mwa mali haikuja na neno. Ni mlango ambao Kiswahili kiliutia katika nyumba iliyojengwa kwingine.

Sasa tulitazame lima. Hili ni neno la Kibantu kwelikweli, na halihitaji shahidi mmoja bali kundi. Warundi husema kurima, na mkulima kwao ni umurimyi. Waganda husema okulima, na mkulima ni omulimi. Ukienda kusini utakuta kulima kwa Kichewa, kurima kwa Kishona na ukulima kwa Kizulu. Hapa Rwanda kitenzi cha kawaida ni guhinga na mtu anayelima ni umuhinzi, na mwanafunzi wetu anaweza kudhani kuwa lima ni neno geni kabisa kwake. Lakini kila siku anatamka umurima, shamba, na ndani ya shamba hilo limo lima akitaka kuliona. Katika jamaa yote hiyo irabu ya silabi ya kwanza ni i, nayo ni sehemu ya mzizi wenyewe. Haikuongezwa na mtu.

Hapo ndipo maelezo matamu yanapovunjika. Ile i ambayo lima na mali wanaonekana kushirikiana imetoka mahali pawili tofauti: katika lima ni ya mzizi wa Kibantu, katika mali ni nyongeza iliyowekwa baada ya neno la Kiarabu kufika pwani. Herufi ni ileile, historia si moja.

Kuna hoja ya pili, nayo ni ya mofolojia. Kitenzi lima kina watoto wengi na tunajua kila mmoja alizaliwaje: limia, limisha, limwa, limika, kilimo, ulimaji, mlimaji, mkulima. Hata matumizi ya mtaani, kama mfanyakazi "aliyelimwa barua" na mkubwa wake, hufuata njia ileile ya unyambulishaji. Mkulima ni mtoto wa ajabu kidogo. Kiganda, Kirundi, Kichewa na Kishona huchukua kiambishi cha mtu na kukiunga na mzizi moja kwa moja: omulimi, umurimyi, mlimi, murimi. Kiswahili kilichukua kitenzi-jina kizima, kulima, kikakiweka m- mbele, ndiyo maana ile ku imebaki katikati kama ilivyobaki katika mkufunzi. Jambo hili linafaa somo zima. Lakini katika njia zote hizo, za kawaida na za ajabu, hakuna hata moja ambayo silabi hubadilishana nafasi ili kuunda neno jipya. Anayedai kuwa lima lilizaa mali anadai kanuni iliyotumika mara moja tu katika historia ya lugha, kwa neno moja, kisha ikazikwa. Kanuni ya namna hiyo si kanuni.

Tunahisi kwamba nyuma ya maelezo hayo kuna haja nyingine, ambayo haisemwi waziwazi. Wapo wanaoona vibaya kwamba neno la msingi kama mali litoke Uarabuni, na wangependa kulirudisha nyumbani kwa njia yoyote. Haja hiyo tunaielewa, kwa sababu kwa miaka mingi wapo pia waliodai kuwa Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganyika. Lakini Ubantu wa Kiswahili haukai katika orodha ya msamiati. Uko katika ngeli, katika viambishi vya kitenzi, katika silabi zake zilizo wazi. Na ile i iliyotiwa mwishoni mwa mal ni ushahidi wa Ubantu huo kuliko hadithi ya kubuni. Kuhusu uhusiano wa jembe na utajiri, umejadiliwa kwa hoja zenye uzito wake. Azimio la Arusha la 1967 lilikataa kuiona fedha kuwa msingi wa maendeleo na kukipa kilimo nafasi kubwa, na halikuhitaji kugeuza silabi ili kufanya hivyo.

Tukishaitoa etimolojia ya uongo, kinabaki mchezo, na mchezo wenyewe ni mzuri kuliko maelezo yaliyobandikwa juu yake.

Chukua herufi l, i, m, a. Kwa hesabu zinaweza kupangwa kwa namna 24. Tumezipanga zote ubaoni pamoja na wanafunzi, na tunashauri kila mwalimu afanye hivyo, haichukui dakika kumi. Kwanza futa zote zinazoishia kwa konsonanti, kama liam, amil na ilam. Zinabaki 12. Sasa futa zile ambazo hazina mpangilio wa konsonanti-irabu, konsonanti-irabu. Zinabaki nne tu: lima, lami, mali, mila. Zote nne ni maneno ya Kiswahili, na si maneno ya kutafuta kwa tochi. Ni maneno ya sokoni na barabarani. Umbo la kawaida la neno fupi la Kiswahili likipewa herufi hizi halikuacha nafasi hata moja wazi.

Miongoni mwa zile tulizozifuta kwa hatua ya pili kuna moja inayodai haki yake: imla. Ni neno halali, na kila aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili analikumbuka kwa furaha au kwa hofu. Lakini tazama lilivyo. Silabi yake ya kwanza inafungwa na m. Jambo hilo si la kawaida katika neno la Kibantu, na ndilo linalotutangazia kwamba neno limetoka nje, katika Kiarabu imla, kusomea mtu aandike. Mwanafunzi aliyezoea kuangalia umbo la silabi anaweza kukisia ugeni wa neno kabla ya kufungua kamusi. Hasemi kila neno lenye silabi wazi ni la Kibantu, maana mali na mila zimeshavaa kanzu ya nyumbani, lakini silabi iliyofungwa inamfanya aulize.

Turudi kwa zile nne, kwa sababu hatujamaliza nazo. Ukigeuza herufi za mali kutoka nyuma unapata ilam, yaani hupati kitu. Geuza silabi: ma-li, li-ma. Geuza silabi za mila: mi-la, la-mi. Maneno manne yamejipanga yenyewe jozi mbili. Mchezo huu wa kugeuza silabi Waswahili hawakuupata kitabuni. Unaitwa kinyume, na Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Zanzibar katika karne ya 19, aliuandika kama namna ya kusema kwa mafumbo, silabi ya mwisho ikipelekwa mbele. Kwa kinyume kitabu huwa bukita, na "leta maji" huwa "tale jima". Anayetaka kusema "lete mali" mbele ya watu asiotaka waelewe atasema "tele lima", na msikilizaji asiyejua atadhani ameambiwa habari za mavuno.

Hapa tunataka kulaumu kidogo. Vitabu vingi vya mazoezi vinavyotumika katika ukanda wetu vina zoezi la kupangua herufi, lile ambalo wengine huliita anagramu. Limechukuliwa kama lilivyo kutoka vitabu vya Kiingereza na Kifaransa: mwanafunzi anapewa "aiml" au "kbtaui" na kuambiwa atafute neno. Katika lugha ambazo tahajia na matamshi ni watu wawili wasiosalimiana, zoezi hilo lina kazi, kwa sababu mtoto lazima akariri herufi. Kiswahili hakina shida hiyo. Aliyesikia neno vizuri ataliandika, kwa kuwa anaandika silabi. Kumpa "aiml" ni kumvunjia vipande ambavyo masikio yake hayajawahi kuvisikia. Kumpa "li" na "ma" na kumuuliza atapata maneno mangapi ni kumfundisha jinsi lugha hii inavyojengwa.

Aidha, mchezo wa herufi unategemea alfabeti iliyotumika. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu. Katika hati hizo mali huwa na alifu kwa ajili ya irabu yake ndefu ya asili, ilhali irabu za mila zinaweza kuonyeshwa kwa alama za juu na chini tu, au zisionyeshwe kabisa. Mwandishi wa Lamu au wa Pate hangeona kuwa maneno haya mawili yana herufi zilezile. "Ushahidi" wa herufi ambao mwanafunzi wetu aliuandika katika mtihani ni ushahidi wa hati za Kilatini, zilizoingizwa na wamisionari na kusanifiwa baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930. Wazee wanaodaiwa kuligeuza lima wangekuwa wameligeuza kwa herufi ambazo hawakuwa wakiziandika. Kinyume, kwa upande wake, hakijali hati, kwa sababu ni cha mdomo na sikio.

Mila inastahili aya yake. Kwa Kiarabu, milla ni dini au umma unaofuata dini fulani. Kiswahili kimeichukua na kuisogeza hadi kwenye mwenendo uliorithiwa kwa wazee, na mara nyingi tunaiambatanisha na desturi, neno lenye asili ya Kiajemi. Leo mhubiri, wa msikitini au wa kanisani, akitaka kukemea jambo atasema "hiyo si dini, hiyo ni mila." Neno lililokuwa jina la dini limesimama upande wa pili likitazamana na dini. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha tofauti kati ya kujua asili ya neno na kujua maana yake. Anayeng'ang'ania kuwa mila maana yake "halisi" ni dini, kwa kuwa ndivyo ilivyo katika Kiarabu, anakosea kama yule wa lima na mali, ingawa ana kamusi mkononi. Lami tunaipita upesi. Ni ile ya barabarani, na jozi yake na mila imeshawapa wanafunzi wetu mzaha kuhusu maendeleo ambao hatuwezi kuuandika hapa.

Majina ya miji na nchi tuyaweke kando pia. Nchi ya Mali ilichukua jina la dola la kale la Afrika Magharibi ilipopata uhuru mwaka 1960. Kwa Kibambara mali ni kiboko. Lima, mji mkuu wa Peru, limetokana na jina la Kikechua la mto wake, Rimac, lenye maana ya msemaji. Na Zambia, lima ni kipimo cha shamba cha robo hekta, ambalo angalau ni ndugu wa damu wa lima letu.

Lakini habari ya Rimac kuwa Lima inatugusa karibu, maana l na r ndiyo mawe tunayojikwaa kila siku darasani. Kinyarwanda hakitofautishi maana kwa sauti hizi mbili. Kiganda kina utaratibu wake: r hutokea baada ya e na i, kwingineko ni l. Kwa hiyo Mganda hana taabu na mali, ila mila huelekea kumtoka kama "mira". Kwa Mnyarwanda, neno mali lilishafika siku nyingi na likatengenezewa makazi: ni imari, linalotumika hadi katika jina la wizara ya fedha. Akiandika "mari" katika insha ya Kiswahili, hajabahatisha. Amechukua neno la Kiarabu lililopita kwa Waswahili, likaingia Kinyarwanda, kisha akajaribu kulirudisha lilikotoka likiwa na nguo za safari. Tangu sheria ya mwaka 2017 ilipokifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, tofauti hii imetoka darasani na kuingia ofisini, na kila mwalimu anajua kisa cha siku ya kura kuandikwa siku ya kula.

Kosa la pili la mali ni la ngeli. Mwanafunzi anaona ma- mwanzoni, anadhani ni kiambishi kama cha maji au maziwa, na anaandika "mali haya mengi". Sanifu ni mali hii, mali nyingi. Kosa hili hujificha kwa sababu "mali yangu" ni sahihi kwa hesabu zote mbili: ngeli ya maji inatoa yangu, na ngeli ya nyumba inatoa yangu. Mwalimu anayepima kwa vimilikishi peke yake hatalikamata kamwe. Apime kwa vionyeshi na vivumishi.

Kamusi nazo zina sehemu katika suala hili. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 iliweka mkulima na kilimo chini ya lima, kwa hiyo aliyefungua ukurasa mmoja aliiona jamaa nzima. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, tangu toleo la kwanza la 1981, hupanga nomino kwa herufi ya kwanza ya neno zima: kilimo iko K, lima iko L, mkulima iko M. Kwa mtafutaji wa haraka mpango huu ni bora, na hatuombi turudi nyuma. Ila mwanafunzi anayetumia huu tu anaweza kumaliza shahada bila kuziona nomino hizi mbili zikiwa na kitenzi chao, halafu akamwona mali pembeni na kumpa ubaba usio wake.

Tunapendekeza basi zoezi hili, na tumelijaribu. Wape wanafunzi imla ya sentensi mbili: "Wakulima wa bonde lile walilima kando ya barabara ya lami, wakauza mali yao yote. Mali hiyo nyingi waliitumia kwa walima wa kijana wao, kwa kufuata mila." Walima, karamu ya harusi, tumeiweka makusudi. Nayo ni ya Kiarabu, na katika imla ya kwanza wengi huisikia kuwa ni "wa-a-lima", wao hulima, wakabaki na sentensi isiyosimama. Waache wabishane wenyewe ni wapi pa kukata silabi. Kisha kusanya daftari na utenganishe makosa mafungu mawili: yale ya "mari" na "mira", na yale ya "mali hayo mengi". Fungu la kwanza lipeleke kwenye mazoezi ya kusikiliza, ukianza na kula na kura. Fungu la pili lina kazi ya upatanisho wa kisarufi, na huchukua muda mrefu zaidi.